Pango, Deni na Huruma ya Mwenye Nyumba

Swali nitakalo kulipima katika kurasa hizi ni hili: mtu wa kipato kidogo ajengaye vyumba vichache akavipangisha, je, atenda jambo jema, jambo baya, au jambo lisilo na wema wala ubaya ndani yake? Yamkini swali hili likaonekana dogo mbele ya wanafalsafa, ambao hupenda kuuliza juu ya roho, uhuru na mauti. Lakini kwa wakazi wa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro si dogo hata kidogo. Huko mwalimu, muuguzi, mjane aliyeuza ng'ombe wa marehemu, na mchimbaji aliyebahatika siku moja katika duara lake, wote huwaza jambo moja wapatapo fedha: kununua kiwanja na kusimamisha vyumba. Wengine hufanikiwa. Wengine huacha pagala lisilo bati, likanyeshewa masika baada ya masika hata majani yakaota sebuleni.

Yapasa kwanza tumtambue mtu tunayemsema. Simsemi tajiri wa maghorofa wala shirika lenye mitaa mizima. Namsema mwenye vyumba viwili hadi vinane, ambaye aghalabu hukaa katika kimojawapo, huchota maji bomba moja na wapangaji wake, na huzozana nao juu ya zamu ya kufagia uwanja na juu ya nani aliyemaliza umeme. Huyu si bepari wa vitabuni. Walakini kila mwezi hupokea fedha kwa kitu alichokwisha kukijenga zamani, na mpangaji wake huondoka nyumbani alfajiri kwenda kuzitafuta fedha hizo hizo. Hapo ndipo shida ya maadili ianziapo.

Katika nchi yetu shida hiyo ilipata kujibiwa na siasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoweka masharti ya uongozi, lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Tazama jirani za nyumba hiyo katika orodha! Chumba kilichopangishwa kiliwekwa safu moja na hisa za kampuni. Hoja iliyokuwa chini yake yaeleweka: mtu anayekula pasipo kufanya kazi anakula kazi ya mwingine, na kiongozi hawezi kuwahimiza watu kuacha unyonyaji hali naye mwenyewe ananyonya. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majumba, iliyoyaweka mikononi mwa umma majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kisha mwaka 1991 masharti ya uongozi yakalegezwa Zanzibar, na tangu hapo kiongozi aweza kupangisha nyumba kama raia yeyote.

Sasa mwenye kufikiri hana budi kujiuliza: je, jambo lililokuwa unyonyaji mwaka 1967 liliacha kuwa unyonyaji mwaka 1991? Kama lilikuwa ovu lenyewe kwa asili yake, kikao hakiwezi kulitakasa. Kama halikuwa ovu, mbona lilikatazwa? Mimi naona kwamba sheria ya 1971 yenyewe ilikuwa na jibu ndani yake, ijapokuwa halikusemwa kwa sauti. Ilipochora mstari kwenye shilingi 100,000 ikawaacha wenye nyumba ndogo, ilikiri kwamba kupangisha si jambo moja. Lakini kipimo ilichochagua kilikuwa ukubwa wa mali, na ukubwa wa mali hautuambii mengi. Mwenye vyumba vinne aweza kuwa jabari kuliko mwenye arobaini.

Lugha yetu yatusaidia kidogo hapa. Tunalo neno moja, kodi, kwa fedha apewazo mwenye nyumba na kwa fedha itozwayo na Serikali. Wanafunzi wangu huliona jambo hili kama upungufu wa msamiati. Mimi naliona kama swali zuri. Raia atozwapo kodi na Serikali ana haki ya kuuliza amepewa nini badala yake: barabara, shule, ulinzi. Je, mpangaji naye hana haki ya kumwuliza mwenye nyumba swali hilo hilo? Na jibu la upesi, yaani kuta, mlango na bati, halitoshi. Kwa kuwa kuta zile zilikwisha kulipwa, pengine mara mbili, na kodi bado yaendelea.

Wanasheria wa Kiislamu waliliwazia jambo hili mapema sana, na walikata shauri kwa namna ambayo hata asiye Mwislamu aweza kuipima kwa akili. Ijara, yaani malipo ya kutumia mali ya mtu, waliihalalisha; riba waliiharamisha. Tofauti ni nini, ilhali zote mbili ni fedha zitokazo kwa mwenye haja kwenda kwa mwenye mali? Tofauti ni dhamana. Mwenye nyumba hubaki na hatari ya nyumba: ikiungua, yaungua mali yake, ikipasuka ukuta, yeye ndiye atakayeuziba. Mkopeshaji wa riba hutaka chake kirudi na nyongeza hata kama mkopaji amefilisika. Faida, kwa rai yao, huifuata hasara iwezekanayo kama kivuli kimfuatavyo mtu. Asiyekubali hasara hana haki ya faida.

Wala rai hii haikuhitaji kuletwa Usukumani kwa jahazi. Wazee wa Kisukuma walikuwa na desturi ya kumwekesha jirani ng'ombe. Aliyewekeshwa aliwachunga, akanywa maziwa yao na kutumia samadi yao shambani. Ndama walikuwa wa mwenyewe. Ng'ombe akifa kwa maradhi pasipo uzembe, mchungaji alipeleka ngozi kwa mwenyewe, na hasara ikawa ya mwenyewe. Mwenye ng'ombe alipata ndama kwa sababu alikubali pia kupata ngozi. Desturi ile haikuandikwa katika mkataba wowote, lakini ilijua haki kuliko mikataba mingi niliyopata kuisoma, iliyopigwa chapa ikatiwa na muhuri wa wakili.

Tukishika kipimo hiki, swali letu hubadilika. Hatuulizi tena kama mtu amepokea pango au la. Twauliza: hatari ya nyumba hii imebebwa na nani, na fedha zilizoijenga zimetoka kwa nani? Na hakuna mahali pafaapo kuuliza hivyo kuliko katika nchi ya dhahabu, ambako hatari haiko mbali.

Historia ya huko ni historia ya kufungua na kufunga. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Baina ya hiyo miwili ni miaka 34, umri wa kutosha mtu kujenga, kuzeeka na kuacha mirathi. Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa mwezi wa Agosti 1996, na mwaka 2001 mgodi wa kampuni ukaanza uzalishaji. Machi 2017 Serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, na Septemba ya mwaka huo kampuni ilipotangaza kupunguza kazi Bulyanhulu, habari hizo zilifika Kahama kwanza kama habari za vyumba: nani anahama, nani amerudi kwao, nani ameomba asubiriwe. Kazi za chini ya ardhi zilirudi mwaka 2020. Buzwagi nao, uliofunguliwa mwaka 2009, ulifikia mwisho wake mwaka 2021. Huo ni umri wa miaka 12. Nyumba ya saruji iliyopauliwa vema hudumu miaka 50 au zaidi. Mwenye kujenga kando ya mgodi, basi, hujenga kitu cha miaka 50 kwa kutegemea kitu cha miaka 12, na benki humdai kwa kalenda isiyo ya nyumba wala ya mgodi.

Na hayo ni ya migodi ya makampuni. Nyarugusu na Rwamagasa, ambako wachimbaji wadogo hufuata fununu ya mwamba mpya, mtaa waweza kujaa katika muda wa mwezi mmoja na kubaki kimya katika mwezi wa tatu. (Sikosi kucheka nikisikia huko maneno "kodi ya pango": mtu ashinda pangoni mchana kutwa, kisha jioni adaiwa pango.)

Tumfikirie mwalimu mmoja wa Kahama. Mikopo ya nyumba katika nchi yetu kwa miaka ya karibuni imekuwa na riba ya kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tumpe ya 17. Akikopa shilingi 20,000,000 ili azilipe kwa miaka 5, atakatwa kama shilingi 497,000 kila mwezi, na mwisho wake atakuwa amelipa karibu 29,800,000. Tuseme amepata vyumba sita, na kila kimoja anakipangisha kwa shilingi 50,000. Vikijaa vyote atapokea 300,000. Salio la 197,000 litoke katika mshahara wake. Hapo bado hatujataja kodi ya Serikali, ambayo ni asilimia 10 ya pango, wala rangi, wala choo kilichojaa, wala miezi ya ujenzi ambayo benki hukata na chumba hakuna. Vyumba vitatu vikibaki vitupu, mshahara utoe 347,000. Mwalimu huyu hakununua nyumba tu. Alinunua na haja ya kuwa vyumba vyake visikae vitupu hata mwezi mmoja.

Asipokopa, akaweka kila mwezi hizo 197,000 ambazo mshahara ungezitoa, milioni 20 atazifikia baada ya miaka minane na nusu, na bei ya saruji na nondo haitamngoja. Ndiyo sababu ya watu wengi kujenga kwa hatua: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta hata lenta, kisha kupaua, kisha vyumba viwili vikatiwa milango na kupangishwa ili navyo viwazae wenzao. Wataalamu wa fedha huudharau ujenzi huu kwa kuwa fedha hulala ndani ya matofali pasipo kuzaa. Hawakosei katika hesabu. Lakini hesabu yao haina safu ya usingizi.

Tena mikopo mirefu ya nyumba si ya kila mtu. Benki ya Nyumba ya Serikali ilifungwa mwaka 1995, na ijapokuwa sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 ilifungua mlango mpya, mlango huo wataka hati, na mtaa mwingi wa nchi ya dhahabu umeota kabla ya kupimwa. Asiye na hati huenda kwenye mkopo wa mshahara wenye muda mfupi, au kwenye chama cha akiba na mikopo, au kwenye upatu. Mwenye hati huweka rehani nyumba anayokaa mwenyewe na watoto wake, baada ya mkewe kutia sahihi ya kuridhia kama itakavyo sheria. Sahihi hiyo hutiwa upesi sana, mezani pa afisa mikopo, na watu wanasubiri foleni nyuma. Laiti ingechukua siku saba!

Lakini ipo njia ya nne ya kupata fedha, nayo ndiyo inayonishughulisha kuliko zote, kwa sababu haiitwi mkopo na kumbe ni mkopo. Mwenye nyumba humwambia mpangaji alipe miezi sita, au mwaka mzima, kwa mkupuo. Turudi kwenye vyumba sita vya mwalimu wetu: miezi sita kwa wapangaji sita ni shilingi 1,800,000. Katika hizo, 300,000 ni pango la mwezi ulioanza. Zilizobaki, 1,500,000, ni fedha za watu wengine, walizomkopesha kabla hajawapa kitu, bila riba na bila rehani. Nazo hununua bati la vyumba vya nyuma. Mara ngapi tumesikia mtu akisema kwa fahari kwamba amejenga bila mkopo! Amekopa kwa mama lishe, kwa kinyozi, kwa fundi wa karasha, na kwa mwanafunzi aliyekosa nafasi bwenini. Na hawa hawakujua kwamba wao ni benki.

Haki yataka tuwasikilize wenye nyumba. Wao husema kwamba mtu wa machimboni hana mshahara wa mwezi. Leo ana dhahabu, kesho hana nauli. Ukimdai mwezi kwa mwezi atahama usiku na godoro lake, na huna pa kumtafuta. Husema pia kwamba mchimbaji mwenyewe hupenda kulipa mwaka mzima siku anapofanikiwa, maana ajijua. Fedha iliyo mfukoni itakwisha baa, bali iliyokwisha kulipwa kwa mwenye nyumba itamlinda mvua miezi kumi na miwili. Hoja hii ina kweli ndani yake. Kwa mtu wa namna hiyo malipo ya mbele ni akiba, na mwenye nyumba ni mtunza akiba.

Bali mchimbaji aliyefanikiwa si mpangaji wa kawaida. Mhudumu wa hoteli au muuza duka hapati fedha kwa mafungu makubwa. Apata kidogo kidogo, na kidogo hicho hakilingani na 300,000 kwa siku moja. Atazitoa wapi? Atakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao watu wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Hapo ndipo twaona jambo ambalo naliona kuwa kiini cha suala lote. Mwenye nyumba alisema hakulipa riba. Ni kweli, hakulipa yeye. Riba haikutoweka duniani. Ilihama tu kutoka kwa mtu mwenye kiwanja ikaenda kwa mtu asiye na kitu, na huko ilikwenda kwa kiwango kikubwa zaidi. Kwa kipimo cha dhamana, mapatano haya yana ila: hatari ya chumba kitupu, ambayo kwayo mwenye nyumba alistahili pango, ameivua na kumvika mpangaji. Mgodi ukipunguza watu mwezi wa pili, mpangaji atarudi kwao Bariadi akiwa amelipia miezi minne atakayoishi mtu mwingine, naye mtu huyo atalipishwa upya.

Sheria haimzuii sana. Ile ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na siku hizi mkataba ndio hakimu. Wala si pango peke yake. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukusanywa kwa njia ya mita ya umeme, nayo tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba; mwenye kununua umeme ni mpangaji. Kiasi ni kidogo, na kwa udogo wake ni mtihani mzuri wa tabia: nani atamrudishia mpangaji 1,500 asipoombwa?

Sasa narejea kwa yule aliyekopa benki, maana msomaji aweza kudhani namsifu. Yeye angalau amekubali hatari kwa jina lake mwenyewe. Lakini deni lina kazi nyingine ambayo vitabu vya fedha havitaji. Mwaka ule wa 2017 mpangaji aliyepunguzwa kazi alipokwenda kwa mwenye nyumba wake kuomba ashushiwe pango au asubiriwe miezi miwili, jibu alilopata halikutegemea moyo wa mwenye nyumba peke yake. Asiyekuwa na deni aliweza kuchagua kuwa mwema au kuwa mkali. Mwenye kukatwa 497,000 kila mwezi hakuwa na nafasi hiyo. Huenda moyo wake ulikuwa laini kuliko wa jirani yake, haukumfaa kitu. Alikwisha kuuza huruma yake siku alipotia sahihi, na aliyeinunua alikuwa mbali, asiyemjua mpangaji wala jina lake.

Tumezoea kuhukumu wema wa mtu kwa tendo la siku ile, kana kwamba kila tendo huanza asubuhi. Mimi nasema kwamba wema wa mwenye nyumba huamuliwa mapema zaidi, wakati anapokata shauri ajenge kwa fedha gani, ajenge vyumba vingapi, na aache nafasi kiasi gani kwa mwaka mbaya. Mtu akikopa kiasi ambacho nusu ya vyumba vyake yaweza kulipa, amejibakizia uhuru wa kusema "lipa mwezi ujao". Akikopa kiasi ambacho vyumba vyote pamoja na mshahara havitoshi bila kubahatika, amejifunga kuwa mkatili katika siku ambayo haijafika, dhidi ya mtu ambaye hajamjua. Kwa hiyo kuchagua mkopo ni tendo la maadili tangu mwanzo wake, wala si hesabu ambayo maadili huongezwa baadaye kama chumvi.

Yupo atakayepinga: kama kila mwenye nyumba ataogopa deni na kukataa pango la mbele, vyumba vitakuwa haba, na uhaba utapandisha pango, kwa hiyo mwema atamdhuru mpangaji kuliko mkali. Pingamizi hili ni zito, na sina jibu la kulimaliza. Naweza kusema tu kwamba vyumba vingi vilivyojengwa kwa pupa karibu na mgodi havidumu kuwa wingi; hufungwa kufuli na mnada mgodi ulegeapo, na aliyepotewa na nyumba yake aliyokaa naye huwa mpangaji, akaongeza foleni.

Mimi nina kiwanja Mhongolo, Kahama. Nimekwisha kupatana na fundi vyumba viwili kwa fedha zilizopo, na pango litapokewa mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja itakayorudishwa. Kodi ya jengo nimeipunguza kabisa katika pango, ili pasiwe na haja ya kukumbushana. Mkataba nimeuandika mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mbili, na kifungu cha tano chasema kwamba mpangaji akipoteza kazi kwa kufungwa au kupunguzwa kwa mgodi, pango litakuwa nusu kwa miezi mitatu. Dalali alipokisoma kifungu hicho aliniambia nitawapata wapangaji wasiolipa, na kwamba majirani wenye vyumba watanichukia. Yamkini atakuwa kweli kwa yote mawili. Yeye hata hivyo atachukua pango la mwezi mmoja kwa kila mpangaji atakayemleta, na kwa hilo hakutaka tuzungumze.